Fahali Aliyeitwa Mtukufu

Wiki ile ya msiba wa Rais mstaafu niliingia duka la dawa za mifugo pale Kakamega mjini kutafuta dawa ya kupe, na kabla sijafungua mdomo harufu ikanifikia. Kijana wa duka alikuwa anamimina molasi kutoka kwenye pipa, ile shira nyeusi ya miwa, nzito, inayoteremka kwa kujivuta. Wenzangu mliokulia huku kwenye miwa mnaijua: utamu unatangulia, uchungu unafuata, na moshi umo humo humo. "Mathe, nikuwekee lita ngapi?" kijana akaniuliza. Nikamwambia sitaki hata tone. Nikatoka bila dawa ya kupe, karibu mbio, mama mzima mwenye mvi zake.

Kwenye simu hali haikuwa nzuri pia. Kile kikundi chetu cha tuliosoma pamoja shule ya msingi kilikuwa kinawaka moto. Mmoja anaandika kwamba mzee alitunywesha maziwa ya shule, wacheni kumtukana. Mwingine anajibu kwamba alitunywesha woga pamoja na hayo maziwa. Wa tatu anasema siku hizo barabara zilikuwa nzuri na watoto walikuwa na adabu. Mimi nilianza kuandika nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Sikujua niseme nini juu ya yule mtu, kwa sababu kila nikimkumbuka ninamwona na pembe.

Ngoja nieleze.

Kwetu ni Malinya. Miaka ile miwa ilikuwa imewapanda watu kichwani. Kule chini, magharibi, watu waling'oa mahindi mpaka karibu na mlango wa jikoni wakapanda miwa, na matrekta yalikuwa yanapita na matrela yamejaa hadi miwa mingine inadondoka njiani. Watoto tulikuwa tunayafukuza na kuchomoa. Pesa ilikuwa inaonekana kwa macho: mabati mapya, baiskeli, redio, mtu na suruali yake ya kukunjwa kwa pasi. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa. Alikuwa anashinda huko wiki nzima na kurudi Jumamosi akinuka dizeli na molasi, mkononi mtungi wa hiyo hiyo molasi. Wenzake walipopata pesa wakajenga. Yeye alinunua ndama dume.

"Watu wananunua mabati, wewe unanunua pembe," Mama alimwambia. Mama alikuwa mtu wa kanisa, na mambo ya kupiganisha ng'ombe aliyaona ni ya walevi.

"Mabati hayawezi kunifanya nibebwe mabegani," Baba akajibu, akacheka hadi akakohoa.

Ndama akakua akawa fahali mweusi tititi, doa moja jeupe kwenye paji. Baba alimpa jina Radi. Mimi, wa darasa la tatu, ndiye nilikuwa mpishi wake. Nilikuwa ninakatakata majani na vilele vya miwa, ninavimwagia molasi kwenye nusu ya tairi la trekta, kisha ninakoroga kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Radi alikuwa anamaliza chakula halafu anahamia kwenye mkono wangu. Ulimi wake ulikwaruza vibaya lakini sikuutoa mkono, jamani, nilimpenda yule ng'ombe. Nyumbani alikuwa mpole hata kuku walikuwa wanamlalia mgongoni.

Uwanjani alikuwa mwingine. Kwa wasiojua desturi yetu: mafahali wawili wanakutanishwa asubuhi, umande haujakauka, ngoma za isukuti zinalia, watu wanawazunguka karibu kiasi cha kurukiwa na mate. Hawapigani hadi kufa. Mmoja akigeuka akakimbia, yamekwisha. Hapo ndipo uwanja wote unapasuka kwa kelele, "Amekimbia! Amekimbia!", na jina lake linatajwa mpaka linasikika soko la pili. Mwenye fahali aliyeshinda anabebwa. Mwenye fahali aliyeshindwa anapita njia za nyuma kurudi kwake, na kabla ya saa sita fahali wake ananing'inia buchani, kwa sababu watu wetu wanaamini aliyekimbia mara moja atakimbia tena.

Radi hakukimbia. Aliwakimbiza mafahali wa majirani zetu wa Shinyalu, akawakimbiza wa kwetu, akamkimbiza mmoja hadi akaingia mtoni. Basi siku moja mpiga isukuti mmoja mwenye mdomo, kumwona Baba anamleta Radi amefungwa majani kwenye pembe, akaanzisha wimbo: Simameni, Mtukufu anaingia! Watu waliokuwa wameketi kwenye nyasi wakasimama wote, mkono kifuani, wakicheka. Chifu mwenyewe alikuwepo, naye akasimama, akacheza na fimbo yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Radi tena, isipokuwa Mama, ambaye alikuwa anamwita kwa jina hilo anapomfukuza kwenye mboga zake.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa sifa. Kwani ni nani mwingine nchini asiyeshindwa na yeyote?

Sasa sikilizeni akili za mtoto. Kwetu ukutani, juu ya redio, ilikuwepo ile picha ya Rais mliyokuwa nayo ninyi pia, na kila jioni redio ilikuwa inaanza habari kwa njia moja: Mtukufu Rais leo amefanya hivi, Mtukufu Rais leo amesema vile. Mimi niliamini kabisa kwamba jina kubwa namna hiyo haliwezi kuwa la wawili bila wawili hao kuunganishwa mahali fulani. Radi akila vizuri, niliona Rais kwenye picha ameshiba. Radi akikohoa, nilikuwa ninakaa karibu na redio roho juu mpaka nisikie kwamba Mtukufu amefungua shule mahali, yu mzima, anatembea. Halafu siku moja Radi akachomwa pembe karibu na jicho, damu ikamtiririka hadi puani, na jioni ile redio ikasema Mtukufu Rais leo amepumzika nyumbani kwake. Nilimkanda Radi lile jicho kwa maji ya chumvi nikilia, na Mama akafikiri ninamlilia ng'ombe.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Jirani yetu wa upande wa kisima alikuwa mwalimu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuimba besi kanisani. Alisema neno kwenye kilabu cha pombe ya busaa. Neno gani, hadi leo sijui, na waliolisikia waliapa kwamba walikuwa wameenda kukojoa. Asubuhi gari jeupe lilikuja likamchukua mbele ya watoto wake, kikombe cha chai bado kiko mkononi. Aliondoka nacho. Mke wake alipita nyumba hadi nyumba akiuliza, na watu wakawa wanakumbuka kwamba wana kazi shambani.

"Alisema nini mbaya hivyo?" nilimuuliza Mama.

"Nyamaza. Hayo hata kuyawaza ni kosa. Mtu akiwaza Rais amepatwa na jambo, anafungwa."

"Hata kuwaza?"

"Hata kuwaza."

Ee Mungu wangu. Jaribu wewe kutowaza kitu ulichokatazwa kukiwaza. Kichwa changu kikawa adui. Darasani ninawaza, njiani ninawaza, nikinywa yale maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu ninawaza, halafu ninaona haya kwa kuwa maziwa ni yake. Nilijifunza kuimba nyimbo za kanisani moyoni mfululizo ili mawazo yasipate nafasi. Mwalimu wa darasa akawaandikia wazazi kwamba ninasinzia macho wazi.

Ndipo chifu akaja nyumbani. Ilikuwa Jumapili mchana, Baba ananoa panga, mimi nimo kwenye tairi na molasi yangu. Chifu hakuketi. Alimtazama Radi kwa muda, fimbo iko kwapani.

"Mzee, huyu ng'ombe mnamwitanga nani?"

Baba akacheka. "Si unajua, chifu? Wewe ndiye unachezanga."

"Mimi sichezangi kitu." Chifu akageuka akaangalia barabarani. "Sikukuu hii ya kitaifa mkubwa wangu, D.O. wa tarafa, atakuwa uwanjani. Na wageni wa kutoka mbali. Wewe umewekewa yule fahali mwekundu wa Shinyalu, yule kijana. Sasa niambie. Akimpiga huyu wako, watu watapiga kelele gani?"

Nilimwona Baba anaisikia ile kelele kichwani mwake, uwanja mzima, watu wote, mbele ya D.O.: Mtukufu amekimbia! Panga likabaki juu ya jiwe.

"Na saa sita mtafanya nini?" chifu akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mtamchinja nani? Mtamgawa nani kwa kilo?"

"Basi simpeleki. Nitasema anaumwa."

"Anaumwa nani, mzee? Sema vizuri. Ukimficha, watasema Mtukufu ameogopa. Usinichome mimi, nina watoto." Na chifu akaondoka, akitembea upesi kuliko alivyokuja.

Baba alijaribu. Alimtuma yule mpiga isukuti atunge wimbo mwingine. Mpiga isukuti akasema yeye hajawahi kutunga wimbo wowote maishani. Baba akapita kilabuni akisema ng'ombe wake anaitwa Radi, na watu wakamtazama kwa huruma wakahama benchi. Wiki hiyo Mama hakumgombeza Baba hata mara moja. Alimfulia koti, akalikunja na kuliweka kwenye kiti karibu na mlango. Nilielewa ni koti la kuondoka nalo gari jeupe likija. Niliacha kula. Nilimpa Radi molasi maradufu, nikampa na uji wangu, nikamnong'oneza sikioni asikimbie, tafadhali asikimbie, Baba atachukuliwa.

Asubuhi ya sikukuu Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani na kusema, "Na mimi ninaenda." Hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Baba alimtazama, akafunga kamba.

Watu walikuwa wengi sijapata kuona. D.O. ameketi kwenye kiti cha kuazimwa, kofia magotini, chifu nyuma yake. Ngoma zilikuwa zinalia lakini hakuna aliyeimba maneno. Mwekundu wa Shinyalu aliingia anachimba udongo kwa kwato. Radi alipoingia, watu wengine wakaanza kusimama kwa mazoea, wakakumbuka, wakaketi, wengine wakabaki nusu nusu wameinama. Nilimshika Mama sketi.

Wakakutana. Ile sauti ya paji kwa paji ninaisikia hadi leo. Walisukumana, vumbi, mate, mbavu za Radi zinapanda na kushuka, na mwanzoni alimrudisha mwekundu nyuma na watu wakapumua. Halafu mguu wake wa nyuma ukateleza. Mwekundu akamwingia chini ya shingo. Radi akarudi hatua, akarudi tena, na mimi nilikuwa ninaimba moyoni kwa nguvu zangu zote ili nisiwaze. Akageuka. Akakimbia.

Na uwanja ukanyamaza.

Ninyi hamjui kimya kile. Watu wote wale, midomo wazi, na hakuna hata kikohozi. Isukuti zilikoma, mkono wa mpigaji uko juu. Hata wa Shinyalu, waliokuwa wameshinda, walisimama wakitazamana, na mwenye fahali mwekundu alikuwa anatikisa kichwa kama aliyekosa yeye. Kila mtu alikuwa anamwangalia D.O. kwa pembe ya jicho. D.O. alikuwa anaangalia kofia yake. Radi alikimbia katikati ya watu hao bubu, mdundo wa kwato zake peke yake, hadi akafika ukingoni akasimama, akashangaa kwa nini hakuna anayemfukuza. Baba alisimama na kamba tupu mkononi. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

Nilisikia sketi ikinitoka mkononi. Mama alikuwa amepiga hatua mbele.

"Radi amekimbia!" alipiga kelele. Sauti yake ilipasuka. "Radi! Radi wa nyumbani kwangu amekimbia, ng'ombe mpumbavu huyu, mla mboga zangu! Radi!"

Halafu mtu mmoja, nafikiri ni yule mpiga isukuti, akasema, "Ee, Radi." Mwingine, "Radi amekimbia!" Kisha uwanja wote ukalipuka, Radi, Radi, Radi, watu wanalitaja kwa nguvu na kukumbatiana, wanalipenda lile jina ungedhani wamelipata mbinguni. Chifu alikuwa anapiga kelele kuliko wote. D.O. akavaa kofia. Mama akaketi chini palepale kwenye vumbi na kitambaa chake cha kanisani, akatapika.

Jioni ile nilikaa mbele ya redio nikiwa nimejikunja. Nilijua kitakachosemwa. Mtukufu Rais leo, ikaanza, na nikaziba masikio, nikayazibua: amehutubia taifa, amewapungia wananchi mkono, amekula chakula na wageni. Alikuwa mzima. Nje Radi alikuwa amelala na kidonda shingoni, anacheua. Nililia nikacheka nikalia. Hawakuwa wameunganishwa. Hawakuwahi kuunganishwa. Mmoja alikuwa mtu wa mbali na mwingine alikuwa ng'ombe.

Lakini hebu niambieni kwa nini hakuna mchinjaji aliyekuja. Baba alimwita wa Malinya, akasema kisu chake hakijanolewa. Alimwita wa Sigalagala, akasema ana safari. Watu wazima, wenye ndevu na watoto, walikuwa wanaamini kitu ambacho mimi wa darasa la tatu nilikuwa nimeshakiacha. Kwa hiyo Radi hakuchinjwa. Alizeeka mikononi mwetu. Alikuwa anatoka asubuhi, anaingia shamba la huyu anakula mahindi, anaingia kwa yule anakula miwa, na hakuna aliyemrushia hata fimbo. Walikuwa wanasimama kando ya shamba lao wenyewe wakimwambia Baba kwa heshima, "Mzee, yule wako amepita kwangu, lakini si neno." Alikufa kwa uzee, mnene kupita kiasi, na wakati huo mwalimu jirani alikuwa amerudi. Alirudi bila ile besi. Alikuwa anaongea kwa pumzi tu, na hakuwahi kumweleza mtu alichofanyiwa, na kanisani alikuwa anafungua mdomo wimbo unapoanza na kuufunga unapoisha.

Basi kwenye simu wenzangu wanataka niseme alikuwa mzuri au mbaya. Maziwa niliyanywa, yalikuwa matamu, siwezi kuyatapika sasa. Nyimbo za kumsifu tulizitunga sisi, kabla ya kuombwa. Chifu hakutumwa na mtu, nina hakika. Alitumwa na tumbo lake. Lakini gari jeupe halikutungwa na mpiga isukuti. Lilikuja, lilikuwa na petroli ndani, na mtu alilitia. Ninapofika hapo, hasira inanipanda, na nyuma ya hasira ule woga wa zamani, mbichi kabisa.

Nilipotoka kwenye lile duka nilipanda boda hadi Malinya nikamwone Baba. Yuko peke yake sasa, Mama alitangulia. Nilimkuta kwenye kiti chake, redio inapiga nyimbo za maombolezo. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama.

"Karibu, mama. Umekula?"

"Nimekula, Baba." Nikaketi. Nikaona nimuulize tu. "Baba, yule mzee, wewe ulimwonaje? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Alitafuta fimbo yake, akainuka kwa shida, magoti yanalia. Nilidhani anaenda msalani. Alikwenda dirishani akalifunga. Akaenda mlangoni akachungulia nje, mchana kweupe, hakuna kitu isipokuwa kuku, akaufunga. Akarudi, akaongeza sauti ya redio, akaketi karibu yangu hadi nikasikia pumzi yake.

"Mimi hakunifanyia kitu," alinong'ona. "Sikuwahi kumwona hata. Alikuwa mtu mzuri."

"Na mwalimu je?"

Akanishika mkono, ule niliokuwa ninakorogea molasi. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Wamemzika kweli? Umeona?"

"Wamemzika jana, Baba. Nimeona kwenye televisheni. Kaburi limefunikwa."

Nje boda ilipita barabarani, Baba akasubiri hadi mlio wake ukaisha kabisa.

"Basi tungoje kidogo, mama," akasema. "Tungoje kidogo ndipo tuongee."

Tukakaa hivyo, dirisha limefungwa, tukingoja.